Pini ya Tela Iliyokwenda Tabora

Juzi mlikuja nyumbani, ninyi vijana wa gereji ya pale njia panda. Mkaniamkia vizuri, mkakalia benchi langu, kisha mkatoa shida yenu. Mmepata pikapu, mmepata na tela la shingo, lile ambalo chuma chake cha mbele kinapanda juu halafu kinakunjika kuingia ndani ya bodi ya gari, na hamjui kiungo mkiweke wapi wala mchague cha namna gani. Nikaanza kuwajibu kwa kumtaja Maganga, na mmoja wenu akachungulia simu yake. Nilikuona! Basi leo nasema yote, tena kwa raha zangu, na mwenye haraka akachomelee bampa.

Kiungo cha tela siwezi kukieleza bila Maganga, na Maganga siwezi kumweleza bila ile pini. Ndiyo, pini. Ipo pini moja ya tela ambayo niliisubiri miaka mingi huku nikimwomba Mungu isije. Mtanielewa tukifika huko. Tuanze na mzigo, maana ndiko alikoanzia yeye.

Mimi ni Mzigua wa Kwedizinga, mtoto wa wakulima wa mahindi na mihogo. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana, nikaenda Korogwe kutafuta kazi kwenye mashamba ya katani, nikapelekwa karakana. Mkuu wa matela alikuwa Maganga, Mnyamwezi mfupi mwenye mabega mapana. Aliletwa na treni kutoka upande wa Tabora zamani za manamba, akakata katani mpaka ikamchosha, ndipo akaingia kwenye ufundi. Nilimkuta amelala chini ya tela, miguu tu ndiyo iko nje.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mtu wa wapi wewe?”

“Handeni. Mzigua.”

Akajivuta kutoka chini, akanitazama. “Lo! Nimeomba fundi wameniletea mwenye njaa! Jamani, ficheni grisi, huyu atailamba!”

Ninyi utani mnaujua wa mpira tu. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao wakituita wenye njaa, sisi tukiwaita wapagazi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakunyang'anya kofia, akaja kwenye msiba wa baba yako akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, asiye na adabu ni wewe. Basi nikamjibu palepale, “Na wewe mpagazi, nani amekutua mzigo? Kimbia, wenzako wameshafika Bagamoyo!” Karakana nzima ikaangua kicheko. Maganga akanipa spana na kunionyesha pa kuanzia.

Hilo la upagazi wala hakulionea haya. Ndilo lililokuwa somo lake la kwanza, na ninyi lishikeni, maana swali lenu lote limo humo. Aliniuliza, “Mhina, babu zangu walibeba pembe kutoka kwetu mpaka pwani. Umewahi kusikia mpagazi aliyefunga mzigo kiunoni akauburuta?”

“Sijasikia.”

“Kwa nini?”

“Ungemchelewesha.”

“Ungemwangusha! Mzigo unakaa begani. Ukikaa begani, miguu inaujua. Ukiufunga mkiani, unakuendesha wewe.”

Mkia wa lori ni kule nyuma ya bampa. Bega la lori ni ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Mzigo mdogo, kama kuni au majani ya ng'ombe, ufunge mkiani na uende zako, hakuna atakayekulaumu. Mzigo mzito uweke begani. Hiyo ndiyo maana ya tela la shingo, kwamba shingo ile inaupandisha mzigo kutoka mkiani na kuuweka begani.

Sasa nikiwaambia kwamba kijiji chetu kiliwahi kulipigia kura jambo hilo, mtasema mzee anazeeka vibaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, tulitoka kila ukoo na mahame yake. Kule kila mji ulikuwa na kisima chake kidogo cha kuchimba mchangani, na kilitosha. Tulipokusanyika pamoja tukawa wengi, na maji yakawa yaleyale. Kiangazi cha kwanza kina mama walitoka alfajiri na ndoo, wakarudi jua limepanda na ndoo nusu. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba afadhali turudi kwenye mahame yetu tukafe na visima vyetu. Kijiji kilipata lori kuukuu la serikali, na shamba la katani likatupa tela la shingo lililokuwa limelala kwenye majani, pamoja na tenki. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani kuwa dereva. Nikaenda Korogwe kumwomba Maganga aje atufungie kiungo.

Nilimkuta yuko tayari kuondoka. Vitu vyake vimo kwenye sanduku, na sanduku limefungwa kamba. Kwao hajafika tangu aletwe. Kila mwaka alisema anakwenda, na kila mwaka kulikuwa na jambo. “Mama alikufa nikiwa hapa,” alisema. “Baba naye. Sasa nataka nikaishi kwetu nikiwa bado natembea, siyo nipelekwe.”

Nikamweleza habari za maji. Akakaa juu ya sanduku lake, akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya. Huo ugoro wake nao ulikuwa adhabu. Karakana yote ilinuka ugoro, mpaka tambara la kufutia mikono.

“Sikiliza, mwenye njaa,” akasema. “Nakuja. Nafunga hilo dude na nakufundisha kuliendesha. Likivuka kiangazi kimoja bila kumwaga maji ya watu, mimi napanda treni, na usinishike shati.”

Nikasema sawa. Mtu ana kiu, asemeje?

Basi tukafika Kwedizinga, na Maganga akaeleza mkutanoni habari za bega na mkia. Mwenyekiti wetu, mtu mwema lakini mpenda sherehe, akasimama. “Ndugu wananchi, bodi ya lori hili inabeba vijana wetu wa ngonjera. Inabeba timu. Akija mgeni wa wilaya, tunakwenda kumpokea kwa lori hili. Sasa ndugu yetu huyu anataka kuweka dude la chuma katikati ya bodi. Watu wakae wapi? Kwenye tenki?” Watu wakapiga makofi. Wanaotaka mkiani wanyooshe mikono! Mikono ikajaa hewani. Wanaotaka begani! Mkono wangu na wa Maganga, na wa bibi mmoja aliyedhani tunauliza nani anataka maji.

“Wengi wape,” Maganga akasema. Akafunga kiungo mkiani, vizuri kabisa, bila kununa. Mtani hanuni.

Safari ya kwanza Mwenyekiti alikaa mbele na mimi, amevaa kofia mpya. Maganga alikaa nyuma kwenye bodi, mgongo umeegemea kebini. Kwenda hakukuwa na neno, tenki tupu. Kule mtoni watu walijaza kwa ndoo mpaka wakachoka tenki likiwa nusu, wakasema yatosha. Hapo ndipo mjue jambo moja: tenki nusu ni baya kuliko tenki lililojaa. Maji yaliyojaa yametulia. Maji nusu yanatembea. Ukipanda mlima yanakimbilia nyuma, ukishuka yanakuja mbele kukusukuma.

Kwenye mlima wa kwanza stelingi ikawa nyepesi mkononi mwangu. Naikata kushoto, lori linakwenda mbele tu. Tela limekanyaga mkia, magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa hisani. Mwenyekiti akauliza, “Mhina, mbona naona mawingu?” Nikang'ang'ania stelingi. Tulipofika juu na kuanza kushuka, maji yakaja mbele kwa kishindo, tela likaupiga mkia wa lori kushoto, likaupiga kulia, na mimi nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni chuoni kwa maalim. Tukaishia katikati ya shamba la mihogo. Hakuna aliyeumia. Kofia ilipotea.

Mwenyekiti alishuka, akakung'uta suruali, akamtazama Maganga aliyekuwa bado ameng'ang'ania ubao. “Ndugu Maganga,” akasema, “ile hoja ya mkia nimeiondoa.” Jioni ukaitishwa mkutano mwingine. Bega likapita bila kupingwa.

Sasa sikilizeni namna ya kufunga, na huyo mwenye simu airudishe mfukoni. Kiungo hakifungwi kwenye mbao za bodi. Bodi ni nguo tu. Kinachobeba ni chesisi. Maganga alitoboa mbao, akashuka mpaka kwenye chesisi, akakaza kwa bolti nene, kila bolti nati mbili, moja ya kazi na nyingine ya kuilinda ya kwanza. Kuchomelea kwenye chesisi alikataa kabisa. Alisema chuma cha chesisi ukikichoma moto unakiharibu roho, na siku kitakapopasuka kitapasuka kwenye mshono wako. Baada ya safari ya kwanza rudi na spana, kaza upya, maana nati mpya hujilegeza zikishaonja barabara.

Mahali pa kukiweka? Mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Nasema kidogo. Ukiweka nyuma ya ekseli umerudi kwenye mkia. Ukisogeza mbele mno, siku ya kukata kona kali pembe ya tela itaingia kwenye kebini na kukupigia hodi kisogoni. Maganga alipima kwa kamba ya katani. Alishika ncha moja mahali pini itakapokuwa, akaivuta mpaka ifike urefu wa kutoka kwenye pini hadi pembe ya mbele ya tela, kisha akaizungusha upande wa kebini. Kamba ikigusa kebini, na tela litagusa. Hakuna hesabu hapo, ni kamba na macho.

Na msidhani hakukosea. Alikosea, tena kosa la kijiji chetu. Mahali pekee penye sakafu tambarare pale Kwedizinga palikuwa uwanja wa saruji wa kuanikia mahindi. Tukalipeleka lori huko, tukasimamisha tela, tukapima kimo, likakaa sawasawa, mbele na nyuma. Tukajipongeza na chai. Lakini lori lilikuwa tupu! Tulipotia maji springi zikalala, shingo ikashuka, na tulipovuka korongo la kwanza tela likazitafuna mbao zote za nyuma ya bodi. Nikasimama, nikamwita, “Mpagazi! Njoo uone, bega lako limekula gari!” Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akarudi, akainua kiungo, na mbao za nyuma hatukuzirudisha tena. Pimeni na mzigo, wanangu. Na mkimaliza kupima kwenye saruji, nendeni mkapime korongoni.

Kiungo chenyewe alikitengeneza hivi. Taya mbili za chuma, moja juu na moja chini. Ulimi wa shingo ya tela unaingia katikati. Juu inashuka pini, inapita taya ya juu, ulimi, na taya ya chini, kisha chini unatia kibanio isiruke. Tundu la ulimi alilipanua kidogo, ili tela liweze kuinama na kuinuka barabarani bila kuikata pini. Kipande cha pini alikipata kwenye ekseli kuukuu ya shamba, akakichonga kule karakana mpaka kikaingia kwenye matundu bila kubana wala kucheza. Kichwani akaiwekea pete. Nene kama mpini wa jembe, nzito, inang'aa. Ile pini niliipenda siku ya kwanza.

Kila asubuhi tuliitoa, tukaifuta, tukapaka grisi mpya, maana vumbi la Handeni likichanganyika na grisi ya jana linakula chuma. Na kabla ya kuondoka kulikuwa na mambo aliyonifundisha kwa maneno machache: jicho, mkono, mvuto. Tazama pini kama ipo. Ishike kwa mkono, uizungushe. Kisha, miguu ya tela ikiwa bado imeshuka chini, tia gia na ulivute lori mbele polepole, uone kama tela linakuja. Likija, ndipo upandishe miguu. Miguu ya tela hupandishwa mwisho. Mkisahau yote niliyosema leo, hilo msilisahau.

Nikamwambia, “Jicho linatosha, mzee. Pini naiona ile pale.”

Akavuta ugoro wake, akaenda zake. Siku chache baadaye tuliazimwa kwenda Kwashemshi kuchukua mbao za shule. Tukasimama kula, tukashusha miguu ili springi zipumue. Tulipomaliza nikalitazama tundu, nikaona pini nyeusi imekaa mahali pake, nikapanda, nikatia gia. Lori likaruka mbele kama limefunguliwa kamba. Tela likabaki limesimama peke yake, na watu wa Kwashemshi wanashangilia. Nikashuka. Ndani ya tundu mlikuwa na muhogo! Muhogo umepakwa oili chafu, umekatika vipande. Maganga alikuwa amekaa kwenye jiwe, pini mapajani, machozi ya kicheko yanamtoka.

“Kula, mwenye njaa,” akasema. “Jicho lako limekwambia ni chuma.”

Alinifanyia hivyo tena na tena. Hata kule Dindira alinifanyia, mbele ya wachuma chai, siku ileile aliyonifundisha kwamba tela halifuati njia ya lori, linakata kona kwa ndani, kwa hiyo kona za mlimani ingia kwa kupanuka kwanza. Mpaka mkono wangu ukawa unaitafuta pini wenyewe, hata nikiwa naongea na mtu. Angekuwa fundi mwingine ningegombana naye. Kwa mtani utafanya nini?

Basi kiangazi kikaja. Jamani, nikisema nilikuwa na furaha nitakuwa mwongo. Kila siku tela lilikwenda mtoni na kurudi. Kina mama walisikia honi wakatoka na ndoo, watoto wakashika bomba la tenki wakanywa palepale. Habari za kurudi kwenye mahame zikakoma. Na kila nati niliyoikaza ilikuwa inamsogeza Maganga karibu na treni yake. Nililijua hilo. Nikazikaza hivyohivyo, maana watu walikuwa wanakunywa.

Mvua za kwanza zilipodondoka alikuwa amekaa barazani kwangu. Akanyoosha kiganja nje, akalowa. Akasema, “Mhina, limevuka.”

“Limevuka,” nikasema. “Kaa kimoja kingine.”

“Usinishike shati.”

Nilimpeleka Korogwe kwa lori lilelile, na tela nyuma, kwa sababu tulikuwa na mabati ya kuchukua stesheni. Kina mama walimfungia mihogo na mahindi ya kula njiani. Bibi yule aliyenyoosha mkono pamoja nasi siku ya kura alimwambia, “Mnyamwezi, umetuacha na maji machoni na kwenye tenki.” Tulipofika nikashusha miguu ya tela, nikaenda dirishani kumkatia tiketi. Yeye akasema ngoja akaliage tela. Nikaona ni maneno ya mzee mwenye huzuni, nikamwacha.

Treni ilikuja. Tulishikana mikono mpaka mtu wa bendera ya kijani akaanza kutupigia kelele. Sikuweza kumtania. Nilikitafuta kitu cha kumtukana sikukipata, ni mara ya kwanza maishani. Yeye akanichungulia dirishani, akacheka, akasema, “Uso gani huo, mgosi, mwanamume mzima? Nenda kavute tela lako!” Nikabaki pale mpaka mkia wa treni ukapotea.

Nikarudi kwenye lori macho hayaoni vizuri. Nikatazama tundu. Pini nyeusi, ipo. Mkono sikuutia. Nikatia gia.

Mmeshajua. Lori likaruka mbele, tela likabaki, stesheni yote ikashangilia. Nikashuka, nikaokota vipande vya muhogo, nikasimama navyo mkononi katikati ya watu nikicheka na kulia. Pini ilikuwa imekwenda Tabora.

Nilichonga pini nyingine. Ilitoka nyembamba kidogo, mimi si Maganga, ikawa inagonga ndani ya tundu: ngo, ngo, ngo, kila shimo, kila siku, kwenda mtoni na kurudi. Nilikuwa naisikia namkumbuka yeye. Nakumbuka chafya zake. Nakumbuka alivyokuwa akiniita mwenye njaa huku ananisogezea sehemu yake ya ugali. Kwenye tela hilo nilifanya kazi na watu wengi baada yake, wengine wazuri, lakini asubuhi ya kufuta kiungo bila mtu wa kunitukana ilikuwa ndefu, wanangu. Nilimtamani mzee yule kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Kulikuwa na mhudumu wa behewa aliyekuwa anapita Korogwe na kufika kwao Maganga, akawa mdomo wetu. Mara ya kwanza alisema, “Mzee Maganga anashukuru kwa mchi. Anapondea ugoro wake.” Mchi! Pini yangu! Nikamwambia amjibu kwamba mpagazi akiiba mzigo wa msafara hufungwa minyororo. Safari nyingine jibu likaja: “Anasema ukiitaka uifuate, tena kwa miguu, uone babu zake walivyopata tabu. Usipoifuata utaletewa. Lakini anasema wewe mwenyewe unajua, mtani akichukua kitu, hakirudi akiwa bado ana nguvu za kucheka.”

Hapo ndipo nilipoanza kuomba isije. Kwenda nilitaka, kila mwaka nilitaka. Lakini lori lilikuwa moja, dereva mmoja, na kiangazi hakikuacha kuja. Tulitumiana matusi tu. Yule mhudumu alipostaafu, matusi nayo yakakoma, na nikabaki namtazama kila mgeni mwenye mzigo. Mtu akishuka kwenye basi amebeba kitu kizito kwa mkono mmoja, moyo wangu ulisimama mpaka nione ni jembe au ni nyundo.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Nimekaa nyumbani natoboa ndara, akaingia mwanamke wa makamo, ameshika kitu kimefungwa kwenye khanga, kinamvuta bega upande mmoja. Nilimtazama lile bega. Nikajua kabla hajasema hodi.

Akapiga goti kidogo. “Shikamoo, baba. Naitwa Nyamizi. Maganga alikuwa mjomba wangu.”

Alikuwa, akasema. Nikamwambia akae, nikampa maji ya tela. Akanywa, akaeleza. Mjomba wake alizeeka vizuri, alitembea mpaka mwisho, alifia kwao kama alivyotaka. Akafungua khanga. Pini yangu ilikuwa imekwisha kidogo nchani kwa kuponda, na pete yake kichwani ipo. Kwenye pete kulikuwa na kitambaa kidogo kimefungwa fundo.

“Amesema ukinuse hicho kabla hujasema neno lolote,” Nyamizi akasema. “Alinikazania sana. Alisema, Mzigua akikataa, usimwachie pini.”

Nikalifungua fundo, nikanusa. Ugoro wake mwenyewe, ule mkali wa karakana. Nikapiga chafya. Nikapiga tena, na tena, macho yakajaa, pua ikajaa, machozi yakanitiririka mpaka shingoni. Watoto wakaja mlangoni kucheka, wakasema mzee kapatwa. Na mimi nikalia palepale mbele yao wote, mchana, nalia kwa nguvu, na hakuna aliyejua ni kilio ila Nyamizi na mimi. Yule mzee alinijua. Alijua sitalia mbele ya watu, akanitumia pa kujifichia.

Nilipopata sauti nikasema kile ambacho mtani anatakiwa kusema msibani. Nikasema, “Basi mpagazi ametua mzigo. Na alivyokuwa mfupi, kaburi lenyewe mmechimba la kuku!” Nyamizi akacheka kwa mara ya kwanza, halafu na yeye akafunika uso.

Asubuhi nikaenda kwenye tela. Nikatoa ile pini yangu nyembamba, nikafuta matundu, nikapaka grisi, nikaishusha ya Maganga. Ikaingia bila kubana wala kucheza. Nikaitazama. Nikatia mkono, nikaizungusha, ni chuma, si muhogo. Nikapanda, nikatia gia, nikavuta polepole; tela likaja. Nikapandisha miguu, mwisho.

Leteni hiyo pikapu yenu kesho, na kamba ya katani. Pini ninayo. Lakini niwaambie siku ile ilivyokuwa. Niliendesha mpaka mtoni, barabara ileile, mashimo yaleyale, nimetega sikio nyuma. Miaka yote nilikuwa naichukia ile ngo, ngo, ngo. Siku ile haikugonga hata mara moja, na njia nzima nilitamani igonge.